Muulize Fundi: Kamera Kuukuu Isiyojulikana Jina

Fundi, marehemu babu aliacha kamera ya kukunja, yenye mvukuto unaotokeza mbele ukifungua mlango. Kwenye lenzi pameandikwa Compur. Nimetafuta kamera za Compur mpaka nimechoka, sioni inayofanana nayo. Ni kamera gani hii?

Hutaiona, kwa sababu Compur si kamera. Ni shata, yaani ile mitambo midogo inayoizunguka lenzi na kufungua njia ya mwanga kwa kipimo. Kampuni ya Friedrich Deckel ya Munich ilizitengeneza na kuwauzia watengenezaji wengi wa kamera, ndiyo maana jina hilo liko kwenye kamera zisizo na undugu wowote. Prontor ni hivyo hivyo, ila hizo zilitoka kwa Alfred Gauthier wa Calmbach. Maneno mengine unayoweza kuyakuta hapo nayo si majina ya kamera: Anastigmat ni aina ya lenzi. DRP na DRGM ni alama za ulinzi wa uvumbuzi za Ujerumani, japo kuna watu wanaotangaza kwa kujiamini kabisa kwamba wanauza "kamera ya DRGM".

Basi iache lenzi kwanza, ushughulike na mwili. Jina la kiwanda mara nyingi limegandamizwa kwenye ngozi bila rangi, na kwa miaka yote hiyo ngozi imesuguliwa hadi limefifia. Zima taa, lete tochi na umulike kwa ubavu, mwanga uambae juu ya ngozi; herufi zitajichora kwa kivuli chake. Tazama mgongoni, mlangoni, kwenye kimguu cha kusimamishia, chini ya mkanda wa kushikia na ndani ya kifuniko cha nyuma. Ukipata jina, usishangilie mapema. Huenda ni la duka, maana maduka makubwa yaliagiza kamera viwandani na kuzipiga jina lao.

Umri nao una dalili zake. Soma kasi za shata: mfululizo wa 25, 50, 100 (yaani 1/25, 1/50, 1/100 ya sekunde) ni wa zamani; ule wa 30, 60, 125 ulienea miaka ya 1950. Inamisha lenzi chini ya taa. Ikirudisha mng'ao wa buluu au zambarau, ina utando wa kupunguza mwanga unaoakisiwa, jambo lililozagaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Filamu haikusaidii sana hapa: ile pana ya kuzungushwa kwenye spuli, iitwayo 120, ilianza mwaka 1901 na inauzwa mpaka leo.

Nipe majibu ya hayo, pamoja na urefu na upana wa dirisha la picha kwa milimita, ndipo tutaanza kutaja majina.

Shata ya kamera yangu inafanya kazi vizuri kwenye 1/100, lakini nikiweka sekunde moja inafunguka na kubaki wazi. Rafiki yangu anasema niipulizie mafuta. Nimsikilize?

Mwambie rafiki yako akapulizie bawaba za mlango wake. Mafuta ndiyo ugonjwa wenyewe. Kasi za polepole hutegemea kikundi cha gia ndogo kinachochelewesha shata kufunga. Mafuta ya kiwandani yakigeuka gundi, gia hizo hukwama, na kasi za haraka zinaendelea kwa sababu haziitegemei sana sehemu hiyo. Ukiongeza mafuta mapya yatatambaa hadi kwenye vile vijibati vyembamba vinavyoziba mwanga, navyo vitashikana kama karatasi mbili zilizolowa. Vijibati hivyo hufanya kazi vikiwa vikavu kabisa.

Kabla ya yote, tazama kama kuna kiwiko chenye alama ya V. Hicho ni cha kujipiga picha mwenyewe, na kikikwama katikati huweza kuisimamisha shata nzima. Katika kamera kuukuu usikiguse.

Kama si hicho, fungua kundi la lenzi la mbele, lakini weka alama ya penseli kwanza kuonyesha lilikaa wapi. Ukilirudisha kwenye uzi wa skrubu usio wake, fokasi itapotea. Kisha fungua uso wa shata, udondoshee gia tone la nafta, ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti, kwa ncha ya kijiti, huku ukiipiga shata tena na tena. Fanya karibu na dirisha lililo wazi, mbali na moto. Nafta ikikauka itaacha uchafu ilioubeba kwenye vijibati, na shata itaonekana imerudi kulekule. Usikate tamaa. Futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, urudie.

Nimeuziwa Leica ya rangi ya dhahabu yenye nembo ya tai ya jeshi la Ujerumani. Ni halisi?

Karibu hakika si halisi. Nyingi za namna hiyo ni kamera za Kisovieti, Fed ya Kharkiv au Zorki ya Krasnogorsk, zilizobadilishwa nguo. Toa lenzi uchungulie juu ndani: Leica ina kigurudumu kidogo kinachogusa lenzi kupima umbali, Fed na Zorki zina ulimi wa chuma. Inapiga picha vizuri tu, ila vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata. Ukigeuza utaratibu huo unaweza kuvunja kitu ndani.

Kamera yangu inataka filamu ya 620. Haipo tena?

Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Lakini filamu ya 120 ina upana uleule, tofauti ni spuli, kile kigurudumu kinachozungushiwa filamu. Ukiwa na spuli mbili za 620, ihamishie filamu ya 120 humo ukiwa kwenye giza totoro. Zoezi la kwanza lifanye mwangani kwa filamu iliyoharibika.

Picha zangu zina madoa meupe. Mvukuto umetoboka?

Inategemea doa. La duara, linalojirudia mahali pamoja kwenye kila picha, linatoka kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Kiliwekwa enzi za filamu zisizoona wekundu. Za leo zinauona, kwa hiyo kibandike utepe mweusi na ufunue pale tu unapovuta filamu. Michirizi isiyo na umbo ni ya mvukuto. Ingiza tochi ndani usiku, taa zote zimezimwa, utazame pembe za mikunjo, ambako ngozi huchoka kwanza. Matundu machache yapake rangi nyeusi ya akriliki iliyochanganywa na gundi nyeupe kidogo, tabaka jembamba, na uuache mvukuto wazi hadi ukauke kabisa, la sivyo mikunjo itagandana.