Nilimwombea kura, sasa naona aibu kupita mtaani

SWALI

Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, mwenye umri wa miaka 36. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 nilizunguka nyumba kwa nyumba nikimwombea kura mgombea wa ubunge wa jimbo, kwa kuwa tulisali kanisa moja na nilimwamini. Alipita, na tangu hapo hajakanyaga tena mtaani kwetu. Transfoma ilipoungua tulikaa gizani miezi miwili, hadi sisi wakaaji tukachanga pesa za kuitengeneza, ingawa komini yetu, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, ina mgodi. Nilipompigia simu, msaidizi wake aliniuliza mimi ni nani. Sasa sisikilizi habari, usiku sipati usingizi, na mke wangu anasema nimekuwa mkali kwa watoto. Wenzangu shuleni wananihimiza nifuate "Kifungu cha 15", yaani kila mtu ajitafutie, na wengine wanapokea matabishi, yaani hongo, ya wazazi ili mtoto apande darasa. Nifanye nini?
Mwalimu, Lubumbashi

JIBU

Mwalimu mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale ulipoulizwa wewe ni nani. Naamini hapo ndipo panapouma. Giza wakaaji wa mji huu wamelizoea, kwa masikitiko yetu sote, lakini wewe ulimkopesha mtu jina lako, na majirani waliofungua mlango walikufungulia wewe, si yeye. Kinachokunyima usingizi ni aibu zaidi kuliko siasa, na aibu haiponi kwa kuzima redio.

Kwa hiyo rudi kwenye nyumba zile zile. Waambie kwamba ulimwombea kura mtu uliyemwamini, kwamba amewaacha, na kwamba unaomba radhi kwa sehemu yako. Wapo watakaokucheka, na uvumilie. Kwetu msiba una siku zake: watu hulala matangani, hulia pamoja, kisha matanga huondolewa. Wewe umelia peke yako tangu uchaguzi, na watoto wako ndio wanaobeba kilio hicho.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini, na nakumbuka posho yetu ya bunga na maharagwe, na mafuta ya mawese kwenye chupa. Mishahara ilipokoma kuja, alinunua daftari la shule, akawa anaandika humo kila mwezi ambao hakulipwa, tarehe na kiasi, kwa wino wa buluu. Hakulipwa yote hadi alipofariki. Lakini akishaandika alifunga daftari, akanawa mikono, akaja kula nasi, na sikumbuki hata siku moja alipotutolea sisi hasira ya mshahara. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba hasira ile ilikuwa imepewa mahali pake pa kukaa.

Yako nayo tuitafutie mahali. Hicho "Kifungu cha 15" cha kujitafutia ni maneno ya mtaani tu. Kifungu cha 15 cha Katiba yetu ya 2006 kinawaamuru wenye mamlaka kupambana na ukatili wa kingono. Mimi ningependa usome cha 27, kinachompa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, nayo mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na kwa kuwa komini yenu ina mgodi, lipo jambo la kuuliza: Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo wachimbaji hulipa kwa madini wanayotoa, hivi kwamba asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au utemi ambamo mgodi unachimbwa. Ulizeni komini imepokea kiasi gani na imekitumia wapi. Wale waliochanga pesa za transfoma tayari ni kundi, na orodha yao bila shaka mnayo. Majina yale yale yatie sahihi, na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi ibaki kwako.

Kuhusu matabishi, usipokee. Najua mshahara wa mwalimu hautoshi, wala siwezi kukudharau kwa kushawishika. Lakini mzazi anayelipa ili mtoto apande darasa anauona mlango wako kama wewe unavyouona mlango wa mbunge wako. Pale Goma, kijana Floribert Bwana Chui, aliyekuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka 2007; tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri. Sikuombi ujitoe mhanga, kwani watoto wako wanakuhitaji ukiwa hai. Namtaja kwa sababu umeandika kana kwamba ofisi zote ni za wezi, na yeye naye alikuwa mtu wa ofisi.

Usingizi ukiendelea kukukimbia kwa majuma kadhaa, nenda kwa daktari. Leo jioni zungumza na mke wako, naye ajue aibu hii imetoka wapi. Miezi mitatu ikitimia, majibu yaje au yasije, niandikie tena, na barua yako ifuatane na nakala ya ombi lenu.