Barua kwa mwanangu: kazi iliyobaki kwa tovuti yetu ya muziki

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hapa Tabata hatujambo. Goti la bibi yako limetulia tangu abadilishiwe dawa, na kila siku anauliza utakuja lini.

Jumapili uliponipigia uliniuliza jambo nikakujibu juu juu, mkono mmoja uko kwenye mwiko. Ulisema, "Mama, nikiacha kazi benki nije tuendeshe tovuti wote wawili, tutakula nini? Na habari zenyewe nani atazifuata kwetu, wakati msanii anajitangazia mwenyewe?" Nimelala na swali hilo wiki nzima. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe hukatizana, na hili sitaki likatizwe.

Nianze na la nani atazifuata.

Habari za "fulani kaachia wimbo" hazina tena wa kuzifuata kwetu, hilo umeliona sawa. Nilipoifungua tovuti mwishoni mwa 2009, wewe ukiwa darasa la tano, mkongo wa SEACOM ulikuwa na miezi tu tangu ufike Dar es Salaam. Msanii alikuwa anapanda daladala kuniletea CD mkononi, kwa sababu redio zikimbania hakuwa na mlango mwingine. Leo Diamond ana redio na televisheni yake, na kijana wa Mbagala ambaye hata meneja hana anapakia kipande TikTok kabla wimbo haujamaliziwa studio. Facebook ilipobadili mpangilio wake mwaka 2018, ikawatanguliza ndugu na marafiki mbele ya kurasa kama yetu, wasomaji wa njia hiyo wakakauka. Instagram ukiweka kiungo kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki. Na tangu 2024 Google imeanza kuweka jibu la akili mnemba juu kabisa, kwa hiyo anayeuliza fulani kazaliwa lini anajibiwa palepale bila kugonga mlango wa mtu. Kwa habari za aina hiyo silii. Hazikuwa kazi yetu ya maana hata zilipokuwa zinatuletea watu wengi.

Kilichonitoa usingizini ni kingine. Juni 2024 kumbukumbu za MTV News kule Marekani, makala za zaidi ya miaka 20, ziliondolewa mtandaoni, mwaka mmoja baada ya kitengo chenyewe kufungwa. Waandishi walikuwa wanatafuta kazi zao wenyewe hawazioni. Miezi mitano kabla ya hapo Pitchfork, tovuti ya muziki ya hukohuko iliyoanzishwa 1996 na kijana muuza duka la santuri, ilikuwa imeingizwa ndani ya jarida la GQ na watu wakapunguzwa kazi. Hao walikuwa na fedha ambazo sisi hatutaziona. Nikajiuliza: siku nikishindwa kulipia seva, nini kitapotea hapa kwetu ambacho hakiko kwa mtu mwingine yeyote?

Unajua kwamba kabla ya gazeti niliuza kanda Kariakoo. Kaunta yangu ilikuwa ubao tu, kanda zimepangwa kwa migongo. Wazee wa dansi wakija kununua Sikinde au Msondo hawakuuliza bei kwanza. Walilitoa jaketi, ile karatasi ya ndani ya kasha la kanda, wakavaa miwani, wakasoma: solo nani, rithim nani, besi nani, tumba nani. Jaketi likiwa halina majina walilirudisha na kuniangalia kama vile mimi ndiye niliyewafuta. Miaka ile sikuelewa kwa nini wanajali hivyo. Ilikuja mp3, jaketi likafa. Zimekuja programu za kusikilizia, na kwa nyimbo nyingi za hapa nyumbani unachokiona kwenye simu ni picha na jina la mwimbaji. Aliyepiga kinanda, aliyeandika mashairi, aliyeitikia, hata prodyuza, mara nyingi hayumo.

Na majina hayo ndiyo fedha, mwanangu. Wasanii wengi wanaokuja kwangu na hasira wanadhani wimbo ukisikilizwa mara moja una bei yake kama soda. Hauna. Kwa kawaida kampuni yenye programu inakusanya fedha za wanaolipia na za matangazo, inatoa sehemu yake, inayobaki inagawanywa kwa kadiri wimbo wako ulivyosikilizwa ukilinganisha na nyimbo nyingine zote. Ikishatoka hapo inapita kwa msambazaji wa kidijitali, yule anayempelekea msanii nyimbo zake kwenye programu, naye anakata chake, ndipo inafika kwa mwenye rekodi. Huko Spotify, mojawapo ya programu hizo, iliyofika Tanzania mwanzoni mwa 2021, tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu upande wa rekodi. Na yote hayo yanategemea taarifa zilizojazwa siku ya kupakia. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Ikikosewa, au jina likiandikwa kwa tahajia mbili, fedha inazunguka bila mwenyewe. Halafu kuna upande wa pili ambao vijana wengi hawaujui kabisa: wimbo ulioandikwa ni haki moja, rekodi iliyofanywa ni haki nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iko tangu 1999, na mirabaha, yaani malipo ya wenye haki, ya redio na televisheni inapogawiwa, ambaye hakusajiliwa hayumo kwenye hesabu.

Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwetu: kuandika nani alifanya nini, nani alilipwa na nani hakulipwa, na kuhakikisha kabla ya kuandika. Hiyo msanii hawezi kujifanyia kwenye ukurasa wake, kwa sababu ukurasa wake ni wake. Hawezi kuweka pale kwamba kiitikio kiliandikwa na mtu mwingine ambaye hajamlipa.

Lakini sitaki uje ukidhani mama yako amekuwa msafi siku zote.

Ulikuwa kidato cha tatu mwaka ule wa 2014, huwezi kukumbuka. Tovuti ilikuwa juu sana, na iliyoipandisha haikuwa kalamu yangu. Ilikuwa kitufe cha "Pakua hapa". Tulikuwa tunaweka nyimbo bure, kila mtu anaweka, na wasanii wenyewe walikuwa wanatuomba tuwawekee. Nilijiambia nawasaidia. Asubuhi moja akaja kijana kuniona, nikamkaribisha chai sebuleni. Wimbo wake ulikuwa unapigwa kila bodaboda. Alikuwa na simu ya batani, akaiweka mezani, akasema kwa upole kabisa, "Dada, nimeambiwa kwako umepakuliwa mara elfu arobaini. Nimekuja kukushukuru. Ila nilikuwa nauliza, kwenye hizo elfu arobaini, mimi yangu iko wapi?" Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza kweli. Nami nilikuwa nimeshalipwa matangazo ya mwezi ule, na sehemu kubwa ya waliokuja walikuja kwa ajili ya nyimbo kama yake. Nilimpa nauli na mchele, akaondoka ananishukuru, na shukrani ile sijawahi kuimeza.

Ilinichukua miezi minne kuamua. Mwanzoni mwa 2015 niliondoa nyimbo zote, zile tu ambazo mwenyewe alinipa ruhusa ya maandishi zikabaki. Wasomaji walipungua ndani ya wiki mbili mpaka nikadhani mtambo umeharibika. Matangazo yakafuata. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniambia neno moja tu: "Sasa angalau tunajua waliokuja kusoma ni wangapi."

Lingine ni la bahasha. Mwaka 2012 nilipokea 150,000 kutoka kwa meneja mmoja ili niandike kwamba wimbo wa msanii wake umeshika namba moja nchini. Namba moja ya chati gani? Hakukuwa na chati. Niliandika. Nimekuachia makala ile mahali pake, juu yake nimeongeza maelezo kwamba ililipiwa na kwamba haikuwa kweli. Usiifute hata siku moja. Anayekuja kuandika kwetu huwa namwonyesha hiyo kwanza.

Sasa la chakula.

Nakuambia kama lilivyo. Matangazo ya Google yanategemea sana msomaji yuko nchi gani. Anayesoma akiwa Mbeya analeta kidogo sana ukimlinganisha na anayesoma akiwa London. Kwa hiyo matangazo hayo yanalipa seva na umeme, basi. Matangazo ninayotafuta mwenyewe, ya wauza vyombo vya muziki na wakodisha maspika, yanalipa mshahara wa binti anayehariri picha. Kuna wasomaji wanaochangia 2,000 kwa mwezi kwa lipa namba, si wengi ila hawakosi, na hao ndio wanaonipa nguvu ya kumkatalia meneja. Sehemu inayonilisha mimi ni ile ambayo hukuwahi kuijua vizuri: kampuni ndogo za Ulaya zinazotoa upya dansi la zamani hunilipa kutafuta waliopiga, kuzungumza na familia na kuandika maelezo ya jaketi. Angalia ilivyozunguka. Jaketi lililokufa Kariakoo linarudi kwenye santuri huko, na wananitafuta mimi kwa sababu kwenye tovuti yetu wamekuta majina.

Vyote hivyo vinatosha mtu mmoja anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe. Watu wawili, mmoja wao anatafuta kuoa, havitoshi. Na kuna miaka inakuja na jambo lake bila taarifa. Mwaka 2018, ndiyo umemaliza kidato cha sita, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilikuja na ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilifika kama 2,100,000. Nilizima tovuti kwa wiki kadhaa. Nilipata fedha ile kwa kuchukua mkopo kwenye kikoba chetu, akina mama wenzangu ambao wengi hata hawajui naandika nini. Wewe ulidhani nimezima kwa sababu ya matengenezo. Niliona hukuwa na haja ya kujua wakati unasubiri matokeo.

Kwa hiyo usiache benki mwaka huu. Najua ulitaka nikuambie njoo. Nataka uje, moyo wangu wote unataka, ila nataka uje ukiwa umeweka akiba ya miezi 12 ya maisha yako, na usiitegemee tovuti ikulipe ndani ya miezi hiyo. Mtu mwenye njaa hawezi kukataa bahasha, nami niliipokea nikiwa na mshahara wa gazeti. Mpaka hapo nipe Jumamosi zako. Kurasa ziwe nyepesi, msomaji wetu anaingia kwa bando la 500 na hana la kupoteza kwenye picha nzito. Nakala ya kila kitu iwekwe mahali pawili, moja iwe nje ya nyumba hii. Na nataka kila wimbo tunaouandika uwe na ukurasa wake wenye majina yote, ya waliopiga, walioandika, waliorekodi, studio ipi na mwaka gani, na anayesema tumekosea awe na mahali pa kusema.

Hilo la mwisho lina sababu. Mwezi uliopita alikuja mpiga kinanda mmoja, mtu wa makamo, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri sana. Tulikuwa tumeandika kwamba kinanda cha mwanzo kwenye wimbo fulani wa miaka ya 2000, ambao hata wewe unaujua, kilipigwa na prodyuza. Hakusema tumekosea. Alifungua mfuko wa rambo, akatoa kaunta buku tatu, akaweka mezani moja moja. Alianza kuandika 2001. Kila ukurasa una mistari aliyoipiga kwa rula: tarehe, studio, jina la wimbo, waliokuwepo, alichopiga, alicholipwa. Kwenye safu ya malipo kuna 15,000, kuna 10,000, kuna sehemu nyingi ameandika "chakula" tu. Ukurasa wa wimbo ule ulikuwa na doa la chai, na kwa wino wa kijani ameandika: "Kinanda mwanzo mpaka kiitikio. Ataleta Ijumaa." Nilimuuliza Ijumaa ilikuja? Akacheka, akafunga daftari.

Nilipiga simu kwa watu wawili waliokuwepo studio siku hiyo, kila mmoja peke yake, na wote walimtaja yeye. Nikasahihisha siku ileile. Sasa amepeleka nakala za kurasa zake pamoja na makala yetu kwenye maombi yake ya kusajili. Anasubiri jibu.

Daftari la kwanza nimeshaliingiza lote kwenye kompyuta, yamebaki mawili, na macho yangu usiku hayanisaidii tena. Amekubali kutuachia tuyapige picha, lakini hataki yalale nje ya kwake, na ana haki. Ukija likizo ya Desemba njoo na ile kompyuta yako na taa ya mezani. Tutamfuata Jumanne, ndiyo siku anayokuwa nyumbani. Ijumaa na Jumamosi bado anapiga kwenye baa moja Sinza.

Mama yako