Kazi ya vumbi na pensheni ya mapema: nani alipe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huchoronga miamba katika machimbo ya mawe huku Pongwe, Tanga. Nilianza nikiwa na miaka 25, sasa ninayo 50, na usiku kifua hunibana. Sheria inanitaka nifike 55 ndipo nistaafu kwa hiari. Kwa nini sisi wa kazi za hatari tusistaafu sasa kwa pensheni kamili?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Dai lako ni la haki, ila neno “kamili” lina gharama ambayo ni lazima ijulikane itatoka wapi. Tuseme wastani wa mshahara wako ni shilingi 580,000 kwa mwezi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kinachotumika tangu Julai 2022 huzidisha wastani huo kwa miezi uliyochangia, kisha hugawanya kwa 580. Hivyo anayefikisha miaka 60 akiwa na miezi 420 hupata 420,000 kwa mwezi kabla ya kutengwa sehemu inayolipwa kwa mkupuo, ilhali miezi yako 300 inakupa 300,000. Mfuko wa pensheni ungelazimika kuziba pengo la 120,000 kila mwezi, tena uanze kukulipa miaka kumi mapema, katika miaka ileile ambayo ungekuwa bado unauingizia michango ya asilimia 20 ya mshahara, yako na ya mwajiri.

Pengo hilo likizibwa kwa fedha za wanachama wote, mhudumu wa hoteli na karani wa bandarini watakuwa wanalipia vumbi la machimbo, na mwenye machimbo hatakuwa na sababu ya kununua mashine za kumwagia maji mwamba unapochorongwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kosa. Poland, tangu 2010, waajiri wa kazi zilizoorodheshwa kuwa ngumu hulipa mchango wa ziada wa asilimia 1.5 kugharimia pensheni ya mapema ya wafanyakazi hao. Orodha yenyewe ilindwe: Ugiriki iliiacha yake ikue hadi ikawajumuisha wasusi wa saluni, kisha ikalazimika kuipunguza.

Kwako wewe, hata hivyo, jambo la haraka ni kifua. Vumbi lenye silika, madini yaliyomo kwenye miamba mingi na mchanga, huacha makovu ya mapafu yanayoweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa hiyo pensheni haiwezi kuwa tiba yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 na unaochangiwa na waajiri peke yao, upo kwa ajili ya maradhi yatokanayo na kazi. Nenda ukapimwe, umweleze daktari miaka yote uliyochoronga, na umtaarifu mwajiri kwa maandishi ukibaki na nakala. Kuhusu mchango wa ziada, chama chenu cha wafanyakazi kinaweza kuudai katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, bila kusubiri sheria ibadilishwe.