Mchungaji Anajua, Mbona Hafanyi?

Barua tatu tulizochagua kwa toleo hili zinatoka sehemu tofauti za Uganda, lakini zote zinauliza jambo moja: kwa nini mtu anayejua la kuwafanyia mifugo asilifanye. Daktari wetu wa mifugo anajibu.

SWALI: Daktari, salaam. Ninafanya kazi Kampala, na ng'ombe wangu 40, chotara wa Ankole na Friesian, wako Nakaseke mikononi mwa wachungaji wawili. Nimenunua dawa ya kupe na bomba la mgongoni, nimeleta wataalamu wakawafundisha kuogesha kila wiki, na nikiwahoji wanajibu bila kukosea. Hata hivyo ndama wanazidi kufa kwa ndigana kali, ambayo wao huiita amakebe, na nikifika bila taarifa nakuta masikio ya ng'ombe yamejaa kupe. Maji wanayachota bwawani kwa baiskeli, lakini nadhani hilo si kisingizio. Nimefikiria kuwakata mshahara kwa kila ndama anayekufa. Je, nitakuwa nimekosea?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa ndama uliowapoteza. Nakuomba usikate mshahara, na sababu nitaieleza, lakini kwanza tuangalie mahali unapolitafuta tatizo. Umekwisha kuthibitisha mwenyewe kwamba wachungaji wako wanajua, kwa hiyo kuwaletea mafunzo mengine ni kumimina maji katika mtungi uliojaa. Mwaka 2011 watafiti wa tabia Susan Michie, Maartje van Stralen na Robert West walichapisha mfumo unaotumika sana katika afya ya binadamu, na ambao watafiti wa afya ya mifugo nao wameupokea. Kwa maelezo yao, kitendo hufanyika pale mambo matatu yanapokutana: uwezo wa kukifanya, nafasi ya kukifanya na msukumo wa kukifanya. Wengi wetu, sisi madaktari tukiwa wa kwanza, hushughulikia uwezo peke yake, kwa kuwa kutoa somo ni rahisi kuliko kufikisha maji shambani.

Katika barua yako, sentensi niliyoirudia mara nyingi ni ile ya baiskeli. Ng'ombe mkubwa akiogeshwa ipasavyo hutumia lita kadhaa za dawa iliyochanganywa. Zidisha kwa ng'ombe 40, kisha hesabu ni jerikani ngapi za lita 20 zinazopaswa kutoka bwawani asubuhi moja, kabla mifugo haijaenda malishoni. Mchungaji aliye katika hali hiyo atafanya ambalo binadamu yeyote angelifanya: atapunguza maji, atalowesha migongo inayoonekana kwa mbali, na ataacha ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kinena. Kwa bahati mbaya, kupe wa kahawia anayeeneza vimelea vya ndigana kali, kwa jina la kitaalamu Rhipicephalus appendiculatus, akishakomaa hupenda kujishikiza masikioni. Kupe huyo huhitaji siku kadhaa za kunyonya damu kabla vimelea alivyobeba havijawa tayari kumwambukiza ng'ombe, na ndiyo maana ratiba ina uzito mkubwa: wiki moja ikirukwa, au masikio yakisahauliwa, ndama keshapata ugonjwa.

Nakushauri uende shambani siku ya kuogesha, ukae tangu maji yanapochotwa hadi bomba linapooshwa, na ubebe bomba wewe mwenyewe kwa ng'ombe watano au sita. Usimsahihishe mtu siku hiyo, tazama tu. Je, kikombe cha kupimia dawa kipo, au wanakadiria kwa kifuniko cha chupa? Je, pua ya bomba imeziba kwa tope la bwawa? Je, upepo unamrudishia mnyunyizaji dawa machoni, naye hana glovu wala miwani? Je, pana kipito chembamba cha mbao cha kumbania ng'ombe, au wanamfukuza uwanjani huku akirusha mateke? Kila kikwazo utakachokiona kina gharama yake, na nina hakika vingi kati yake, kuanzia glovu hadi tangi la kukingia maji ya mvua, vitakugharimu pungufu ya thamani ya mitamba ambao ndama hao wangekuwa.

Ukishaondoa vikwazo, ndipo uzungumze nao kuhusu utaratibu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika sana juu ya nia na utekelezaji, alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga mapema lini, wapi na kwa namna gani atalitenda jambo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulitenda kuliko yule aliyekusudia tu kwa ujumla. Waache wachungaji wapange kwa maneno yao, kwa mfano: "Jumanne tukimaliza kukamua, kabla ya kufungua zizi, tunaogesha; mvua ikinyesha, tunaogesha Jumatano saa ile ile." Mpango uliotoka vinywani mwao wataulinda kuliko amri iliyotoka Kampala.

Sasa nirudi kwenye mshahara. Ndigana kali hutibika vizuri kwa dawa iitwayo buparvakwoni iwapo dalili zimeonekana mapema, yaani tezi iliyovimba chini ya sikio na homa kali. Mchungaji anayejua kwamba kifo cha ndama kitamkata mshahara hatakupigia simu siku ya kwanza ya uvimbe. Atasubiri akiomba upungue wenyewe, na ndama akifa utaambiwa ameumwa na nyoka. Utakuwa umenunua ukimya kwa fedha zako mwenyewe. Ukitaka kutumia fedha, zilipe kwa yaliyo mikononi mwao: zawadi ndogo kwa taarifa ya mapema, na nyingine kwa kila mwezi ambao masikio yamekaguliwa na kukutwa safi.

Jambo moja la kukagua kabla hujamlaumu mtu: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba baadhi ya kupe nchini Uganda wamekuwa sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa. Mkiogesha sawasawa mbele ya macho yako, na kupe bado wakawa hai siku mbili baadaye, mwite daktari wa mifugo wa wilaya akushauri kubadili kundi la dawa. Kubadili jina la chupa hakutoshi, kwani chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kiini kimoja, na msichanganye dawa mbili katika bomba moja.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa mifugo Kiruhura. Nikimchoma ng'ombe antibiotiki ninamweleza mfugaji asiuze maziwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Wote huitikia "ndiyo, daktari," na kesho yake maziwa yako kwenye kituo cha kupozea. Niwaambie nini zaidi?
*Mhudumu wa mifugo, Kiruhura*

JIBU: Mwenzangu, sema machache zaidi, uulize mengi zaidi. Ile "ndiyo, daktari" ni heshima kwako, nawe umeipokea kama ahadi. Mwaka 1983 William Miller, aliyekuwa akiwahudumia watu wenye matatizo ya pombe, alieleza namna ya kuzungumza ambayo leo inafundishwa hata kwa madaktari wa mifugo: mshauri huuliza, husikiliza, kisha humrudishia mtu maneno yake, hadi sababu za kubadilika zitamkwe na mwenye kubadilika.

Jaribu hivi. "Mzee, siku hizi tatu bila kuuza maziwa ya ng'ombe huyu zitakuwaje kwako?" Akijibu, "Ngumu, ada ya shule inadaiwa," usimkatize kwa somo la afya. Mwambie, "Kwa hiyo ada ndiyo inayokubana. Na maziwa haya yakiharibu tangi zima la kituo?" Anajua kwamba dawa huzuia maziwa kuganda yanapotengenezwa mtindi, na anajua majirani zake wanamimina katika tangi hilo hilo, muhimu ni aliseme yeye. Kisha mwulize atafanyaje kesho alfajiri, mkamuaji akiwa amefika. Pengine atasema atamfunga ng'ombe huyo kitambaa chekundu mguuni na kumkamua mwisho. Usiondoke kabla kitambaa hakijafungwa.

SWALI: Chama chetu cha ushirika wa maziwa, Masaka, kina fedha kidogo za mafunzo ya kuzuia ugonjwa wa kiwele. Je, tualike mtaalamu kwa semina ya siku mbili?
*Mwenyekiti wa ushirika*

JIBU: Mheshimiwa Mwenyekiti, fedha hizo zitumieni kwa chai na nauli za wanachama kutembeleana. Wafugaji wa maziwa wa Denmark, wakitaka kupunguza antibiotiki, waliunda vikundi vidogo vilivyokutana katika mazizi ya wanachama kwa zamu, kwa kufuata mfano wa mashamba darasa yaliyoanzia Indonesia mwaka 1989. Mwenyeji huonyesha jambo linalokwenda vizuri na matatizo yanayomshinda, wenzake hupendekeza njia, naye huchagua atakayoijaribu. Mwezeshaji huongoza mazungumzo bila kutoa ushauri, na kwa nafasi hiyo msimchague daktari, kwa sababu akiwepo kila mtu atamgeukia yeye. Anzeni na wanachama watano wanaoishi karibu, na ziara ya kwanza iwe saa ya kukamua, ili wageni waone mikono, kitambaa cha kupangusia chuchu na sakafu ya zizi kama vilivyo.