Kwa nini Luther na Zwingli hawakuungana

Umeuliza kwa nini wanamatengenezo (viongozi waliotaka kulirekebisha kanisa) wa karne ya 16 hawakuunda kanisa moja, ilhali wote walikuwa wamekataa mamlaka ya Papa. Jibu lililo wazi zaidi linapatikana Marburg, mji wa Ujerumani, Oktoba 1529, ambako Philipp, mtawala wa jimbo la Hesse, aliwakutanisha Martin Luther wa Ujerumani na Huldrych Zwingli wa Zürich, Uswisi, kwa kuwa alitaka muungano wa kisiasa dhidi ya Kaisari Karl V, mtawala Mkatoliki wa Dola Takatifu la Kirumi, na muungano huo ulihitaji imani moja. Katika hoja 15 zilizoandikwa, walishindwa kuafikiana juu ya sehemu tu ya hoja ya mwisho, iliyohusu Chakula cha Bwana. Luther alishikilia kwamba mwili wa Kristo umo kweli katika mkate, naye akaandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, "Huu ni mwili wangu". Zwingli alisisitiza kwamba Kristo amepaa mbinguni na kwamba mkate unaashiria mwili wake. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa dogo, nami sikubaliani nao, kwa sababu liligusa namna Mungu anavyomfikia mwanadamu. Zwingli aliuawa vitani Kappel, Uswisi, mwaka 1531, mji wake wa Zürich ukiwa hauna msaada wa watawala wa Kijerumani. Amani ya Augsburg, mapatano ya 1555 kuhusu dini katika dola ya Kaisari, nayo iliwatambua Wakatoliki na Walutheri pekee, hivyo wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo mwingine, walisubiri hadi 1648 ndipo wakatambuliwa kisheria katika dola hiyo.