Barua kwa mwanangu: mkeo na sinagogi lililonyamaza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kawaida sinagogi kumwita rabi anayeomba kazi, kukaa naye wikendi nzima akisalisha na kufundisha, kumwuliza anatarajia kuzaa lini, halafu wiki zipite bila neno. Unasema mkeo, ambaye ndiye rabi huyo, anaamka usiku kuangalia simu. Miaka yote hii ya ukarani katika ofisi ya sinagogi hapa New Jersey nimeona kamati zikitafuta rabi, basi nikujibu ninavyojua. Hutokea, tena si mara chache. Na ni vibaya.

Baba yako mdogo akihamishwa usharika kule Moshi, barua inatoka dayosisi, naye anafunga mizigo. Wayahudi wa Marekani hawana askofu. Kila sinagogi linaajiri rabi wake kwa fedha za waumini wake, na mara nyingi waumini ndio wanaopiga kura ya mwisho. Jumuiya za marabi husambaza wasifu wa waombaji na kuweka kanuni, kama ile ya miaka mingi kwamba aliyetoka chuoni juzi asiombe sinagogi kubwa, lakini hakuna anayeweza kuliamuru sinagogi limchukue fulani. Utaratibu huu una mizizi mirefu. Katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, Rabi Yitzhak anafundisha kwamba jumuiya haiwekewi kiongozi bila kuulizwa. Hata Bezaleli, fundi wa hema aliyeteuliwa na Mungu mwenyewe, Musa aliambiwa aende kwanza akawaulize Waisraeli kama wanamkubali. Mimi nalipenda sana fundisho hilo. Shida inaanzia kwenye kamati: ni watu wa kujitolea, daktari wa meno, mwalimu, mhasibu, na wengine hawajawahi kumsaili mtu maishani.

Ratiba ya mgeni naichapa mimi. Ijumaa jioni sala, kisha chakula nyumbani kwa mwenyekiti. Jumamosi asubuhi mahubiri, baada ya chakula cha mchana somo la Torati. Jumapili asubuhi watoto, kisha wazazi wao, kisha bodi. Kwa kuwa haendeshi gari siku ya Sabato, analazwa kwa muumini anayekaa karibu, na mara nyingi mwenyeji huyo yumo kwenye kamati. Kwa hiyo hata anavyomjibu mtoto wa pale nyumbani asubuhi, kabla hajanywa kahawa, kunaingia kwenye mazungumzo. Halafu kuna jambo ambalo watu wa nje hawaliwazi: siku ya Sabato wanaoishika hawaandiki. Wanakamati wanasubiri giza liingie Jumamosi ndipo washike kalamu, na kufikia hapo somo la Torati limeshafifia kichwani. Karatasi zao nimezichapa. "Sauti yake ndogo." "Mbona mumewe hakuja?" Mtu amesoma miaka mitano na zaidi, na hicho ndicho kilichobaki.

Kwa wanawake mzigo ni mzito zaidi. Sally Priesand, rabi wa kwanza mwanamke kuwekwa wakfu na chuo cha marabi Marekani, alihitimu mwaka 1972, na kuna masinagogi yaliyokataa hata kumsaili. Alipata nafasi ya rabi msaidizi New York, akaiacha mwaka 1979 alipoona hatarithi kiti cha rabi mkuu, na mwaka 1981 ndipo akapata sinagogi lake mwenyewe, Tinton Falls, humu humu New Jersey, akalitumikia mpaka alipostaafu. Upande wa Conservative, dhehebu la Kiyahudi ambako mkamwana wangu yupo, mwanamke wa kwanza aliwekwa wakfu mwaka 1985. Mkeo hayuko peke yake katika swali lile la kuzaa.

Umesema pia kwamba mngeshtaki. Msijichoshe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya shule ya Kilutheri ya Michigan, iliamua kwa kauli moja kwamba sheria za kuzuia ubaguzi kazini haziligusi dhehebu linapochagua wahudumu wake wa kiroho. Naelewa kwa nini: serikali isituchagulie wachungaji. Lakini maana yake ni kwamba adabu ya kamati ndiyo kinga pekee aliyo nayo mwombaji.

Na ule ukimya? Mara nyingi kuna mwombaji wa kwanza ambaye bado hajatia saini, na mkeo amewekwa akiba. Hilo ndilo linaloniuma, maana ni watu wanaosoma kila mwaka, katika Walawi 19, kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Jibu nalo ni haki ya mtu. Barua ya mistari miwili inatosha. Kwetu nimeiomba kila msimu, na mwenyekiti wa sasa huwapigia simu wote waliofika, hata waliokataliwa.

Sasa mkeo afanye hivi. Aandike kwa mwenyekiti, kwa upole, aulize uamuzi utatoka tarehe ngapi. Wasipojibu, ampigie msimamizi wa ajira katika jumuiya yake ya marabi. Wale wanataka kujua sinagogi lipi lina tabia hiyo. Asiache kuomba kwingine, kwani mikataba mingi inaanza Julai 1 na nafasi nzuri huenda mapema. Wala asijione ombaomba: wanafunzi wa urabi wamepungua kiasi kwamba mwaka 2022 Hebrew Union College, chuo cha marabi alikosoma Priesand, iliamua kusitisha mafunzo ya marabi Cincinnati, mji ilikoanzia mwaka 1875. Akipata mkataba, asitie saini kabla mwanasheria hajausoma, hasa kifungu cha nyumba na cha likizo ya uzazi. Na wewe, wikendi ijayo akiitwa, nenda naye ukiweza, lakini maswali ya kuzaa usimjibie. Mwenyewe anajua la kusema.

Nipigieni Jumapili nikitoka kanisani.

Mama yako