Meneja mpya ametukata mshahara kwa kontena lililochelewa

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Meneja wetu alipostaafu, tulimpokea mrithi wake kwa moyo wa mgeni njoo mwenyeji apone; kumbe mwenyeji ndiye wa kuumia. Ametuhamisha meza, amefuta chai ya saa nne, ameniweka zamu ya usiku bila kuniuliza, na mwezi uliopita alitukata sote watatu wa nyaraka shilingi 4,000 kila mmoja, akidai kwamba tumesababisha kontena la mteja kutozwa ada ya kukaa bandarini. Nafikiria kuacha kazi. Msomaji, Changamwe.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokufika. Naomba usiandike barua ya kujiuzulu kwanza, kwa kuwa malalamiko yako hayana uzito mmoja mbele ya sheria.

Suala la meza liache lipite. Chai nayo, isipokuwa imetajwa katika mkataba wako au katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi, ni vigumu kuifanya kesi, ingawa nakubali kwamba bosi anayeanza kazi kwa kuondoa chai hajitafutii marafiki.

Zamu ya usiku inategemea mkataba. Bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo meneja anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kutaka karani usiku. Na ikiwa mkataba unasema utafanya kazi kwa zamu kadiri itakavyohitajika, hajavuka mpaka. Lakini ikiwa umeandikiwa saa maalumu za mchana, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ashauriane nawe, arekebishe mkataba, kisha akujulishe badiliko hilo kwa maandishi. Tangazo la mdomo halitoshi. Hata hivyo, usigome kuingia zamu, kwa sababu kukaidi amri halali ni miongoni mwa makosa yanayoweza kukufukuzisha kazi papo hapo chini ya kifungu cha 44, na uhalali wa amri hiyo huenda ukaamuliwa baadaye sana, wewe ukiwa tayari uko nje. Ingia kazini, huku ukiandika kwamba hujakubali badiliko hilo.

Makato ndiyo yenye uzito. Kifungu cha 19 kinaorodhesha yale ambayo mwajiri anaruhusiwa kukata, na kuhusu hasara au uharibifu wa mali aliyo nayo, kinaruhusu kiasi cha haki pale tu hasara inapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe. Kontena huchelewa kwa sababu nyingi: mteja amechelewa kulipa ushuru, hati ya shehena ina kosa, au mzigo umeitwa kukaguliwa. Kuwakata watu watatu kiwango kimoja bila kuonyesha nani alifanya nini ni adhabu ya jumla, na sioni mahali ambapo sheria hii inairuhusu.

Mwandikie meneja barua fupi isiyo na matusi wala historia ndefu, nakala iende idara ya rasilimali watu. Kwa mfano: “Shilingi 4,000 zimekatwa katika mshahara wangu wa mwezi uliopita. Naomba nielezwe kwa maandishi sababu ya makato hayo na kosa ninalodaiwa kufanya, au nirejeshewe fedha hizo.” Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wenzako wawili nao waandike, kila mmoja barua yake.

Usipojibiwa, nenda kwa afisa wa kazi hapa Mombasa ukiwa na mkataba, hati za malipo na barua hiyo. Akishindwa kuwapatanisha, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa papa hapa mjini. Meneja akijaribu kukuachisha kwa sababu umelalamika, kifungu cha 46 hakiihesabu hiyo kuwa sababu ya haki. Na akikuita kujibu mashtaka ya utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama.

Ama kuhusu kujiuzulu, mahakama zetu zinakubali kwamba mtu anaweza kulazimika kuondoka kutokana na vitendo vya mwajiri, lakini mzigo wa kuthibitisha hayo utakuwa wako, na kwa sasa huna hata barua moja ya kuonyesha.